HS30, si H530

Dalali alinipigia Jumatano saa nne asubuhi, niko kazini Mtumba. "Dada, ile Datsun uliyokuwa unaulizia imepatikana. 240Z. Iko Hombolo kwa mzee mmoja, na imekimbia Safari hiyo!"

Nilitamani kuondoka saa ileile. Sikuondoka, kwa sababu ya yale maneno ya mwisho. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, mwaka wa kumi na tisa huu, na nimezoea kwamba neno linalopandisha bei ndilo la kukaguliwa kwanza. Gari la spoti la kizamani lililoshiriki Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, linauzwa bei nyingine kabisa na pacha wake aliyekuwa akipeleka watu sokoni.

Hadithi za Safari nimekua nazo. Baba alifanya kazi reli hapa Dodoma, na ndiye aliyetusimulia jinsi Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alivyoshinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967. Halafu zikaja Datsun 240Z: Edgar Herrmann mwaka 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973. Baba alikuwa akinichorea 240Z kwa kijiti kwenye vumbi la uani, boneti ndefu, dereva amekaa nyuma karibu na tairi. Kwa hiyo gari hili nililitaka tangu sijajua bei ya kitu chochote.

Jumamosi nikaenda na fundi wangu wa Kizota. Tulibeba tochi, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio, mswaki mkuukuu, mafuta ya taa na kipande cha chaki.

Mzee tulimkuta chini ya mwembe. "Mbukwenyi," akatusalimu, nasi tukamwitikia, kisha nikampa shikamoo yake. Kabla hata sijauliza, akasema, "Mwanangu, huyo kijana anawaambia watu gari langu limekimbia Safari. Halijakimbia. Nimelinunua Nairobi mwaka 1973, nimelitembeza mwenyewe." Dalali akainamisha kichwa.

Hata hivyo tuliangalia. Gari la mashindano hubaki na makovu: sakafu hutobolewa ili kufungia mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, na mbele hufungwa vishikizo vya taa za ziada. Fundi alifunua mazulia yote mawili, akapapasa kwa vidole na kumulika. Sakafu ilikuwa nzima, haina tundu wala alama ya kuchomelewa. Mzee alisema kweli. Lile lililoshinda mwaka 1971, kwa anayetaka kujua, lilirudi Japani na Nissan, waliotengeneza Datsun, wanalihifadhi.

Nikaomba kadi ya gari. Ilikuwa imeandikwa chasisi H530 na kufuatiwa na tarakimu. Hapo moyo ulinidunda, maana hakuna 240Z inayoanza na H530. HS30 ni la usukani wa kulia lenye injini ya lita 2.4. HLS30 ni la usukani wa kushoto. S30 peke yake ni la soko la Japani, na mengi yalitoka na injini ya lita 2. Mtu akilibadilishia injini na kubandika nembo, anakuuzia kitu kingine kwa jina la 240Z.

Tukafungua boneti. Namba ya chasisi imegongwa moja kwa moja kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva. Ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi la miaka. Fundi akachovya mswaki kwenye mafuta ya taa, akasugua polepole, akakausha kwa kitambaa, kisha akapitisha chaki juu. Chaki nyeupe ikajaa kwenye mifereji ya namba, zikasimama moja moja: H, S, 3, 0. Niliinama mpaka pua ikakaribia bati. Nilikuwa natafuta mikwaruzo ya tupa, herufi zilizopishana kimo, mshono wa kuchomelea kuzunguka namba. Hapakuwa na kimoja. Tarakimu zilizofuata zote zililingana na za kwenye kadi. Mtu fulani, zamani, alinakili S akaiona 5.

Injini ndiyo iliyogoma. Kibati cha kiwandani kilitaja L24, yaani injini ya lita 2.4, na namba yake. Kwenye injini yenyewe, upande wa plagi, nyuma karibu na gea boksi, chuma kilisema L28. Hiyo ni injini ya lita 2.8, ya miaka ya baadaye. Inaingia vizuri na watu wengi huipenda kwa nguvu zake, ila si ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Kwa gari la namna hii hilo linapunguza thamani, nikamwambia mzee hivyo.

"Ile ya kwanza ipo stoo," akajibu. Ilikuwa chini ya makreti ya zabibu, imezungushiwa turubai. Mswaki tena, chaki tena. L24, na namba ileile ya kwenye kibati, mpaka tarakimu ya mwisho. Fundi wangu, ambaye si mtu wa maneno, aliniangalia tu akatikisa kichwa.

Bodi ya gari ni zawadi ya ukavu wa Dodoma. Kitako cha betri, ambacho kwa magari haya huoza mapema, bado kigumu. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa nyuma kushoto, ilipoteleza kama kwenye mbao; hapo pana puti nene, ile ya kujazia bati lililobonyea. Lakini mzee alishaniambia kuhusu ng'ombe aliyemgonga njia ya Bahi mwaka 1984. Alikuwa na risiti ya kunyoosha bodi, pamoja na bima za kila mwaka kwenye kasha la biskuti, na picha ya mwaka 1978 gari likiwa mbele ya stesheni, namba zake za zamani zinasomeka.

Sikulipa siku hiyo. Kwanza tulipeleka namba zote polisi wahakikishe halijaripotiwa kuibwa, ndipo tukaandikishana mbele ya wakili. Bei ya dalali ilikuwa milioni 40. Mimi na mzee tulikubaliana 27, pamoja na injini ya stoo na kasha la biskuti. Kasha nilililazimisha liandikwe kwenye mkataba.

Kurekebisha ile herufi ya kadi kule TRA, Mamlaka ya Mapato, kulihitaji ukaguzi na barua, nikaenda mara tatu. Kadi mpya nimeipokea juzi. Nilisimama pale pale mlangoni, watu wananipita, nikaisoma herufi ya pili. Ni S.