Kudifarensheti mara nusu

Nikisema utafiti wangu ni kalkulasi ya sehemu, hata walimu wenzangu wa hesabu hapa Mwanza hudhani nafundisha robo na thuluthi darasa la nne. Mjomba ndiye kanisumbua zaidi kwa kuuliza ni hesabu gani hiyo, kwa hiyo leo naandika.

Aliyesoma hesabu Kidato cha Sita anajua kudifarensheti, yaani kutafuta kasi ya badiliko la kitu, mara moja, mara mbili; jibu lake ndilo derivativu. Mara nusu je? Leibniz, mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi, alilijadili swali hilo katika barua kwa mwanahisabati mwenzake l'Hôpital mwaka 1695, akatabiri kwamba siku moja litazaa faida. Jibu lipo: derivativu ya nusu ya x ni 2√(x/π). Ifanyie tena mara nusu, unapata 1, ileile ya kawaida. Nilipoiona π pale, mahali pasipo na duara hata moja, niliacha chai ikapoa.

Kilichonishika hadi leo, lakini, ni kumbukumbu. Derivativu ya kawaida inatazama sasa hivi tu. Ya sehemu inabeba yote yaliyopita. Mjomba hununua dagaa Mwaloni, Kirumba, na mvuvi akiomba mkopo hafungui ukurasa wa jana peke yake; anapitia daftari zima, ya karibuni akiyapa uzito, ya zamani akiyapunguzia, ila hachani karatasi.

Ndiyo maana niliipeleka kwenye kichocho. Konokono wa ufukweni akishaambukizwa hukaa wiki kadhaa kabla ya kuanza kumwaga viluwiluwi vya minyoo majini, na mnyoo aliyekomaa huishi miaka ndani ya mtu. Maambukizi ya leo yana mizizi ya zamani, na mlinganyo usiokumbuka lazima uongezewe viraka.

Derivativu ya sehemu ina maumbo kadhaa. Natumia umbo la Caputo, mwanajiofizikia wa Italia aliyelitoa mwaka 1967. Kwa umbo la zamani zaidi, la Riemann na Liouville, derivativu ya namba isiyobadilika haiwi sifuri, tena masharti ya mwanzo yanakuwa vitu ambavyo hakuna mganga wa zahanati atakayekupimia. Kwa Caputo naanza na kinachohesabika: wagonjwa wangapi siku ya kwanza. Basi.

Kumbukumbu ina gharama yake. Kila hatua ya kompyuta inajumlisha hatua zote zilizotangulia. Hatua 10,000 ni karibu majumlisho milioni 50, na ukizidisha hatua mara mbili, kazi inakuwa mara nne. Umeme ukikatika usiku, Nyegezi nzima inasikia nikisonya.

Sasa lawama yangu. Makala nyingi za fani hii huchukua mlinganyo wa zamani, hufuta 1 ya derivativu ya kawaida, hubandika alfa (ndiyo idadi ya mara za kudifarensheti) ya 0.9, kisha huchora grafu nne za rangi. Vipimo hata havilingani! Upande wa kushoto umekuwa "kwa siku" kipeo cha 0.9, wa kulia umebaki "kwa siku" vilevile. Mwanafunzi akiniletea hiyo namrudishia kabla hajaketi. Nikiwa mhakiki naandika swali moja tu: alfa hii umeitoa wapi?

Wanafunzi wangu wa uzamili huitafuta alfa kutoka kwenye takwimu za wagonjwa, haichaguliwi kwa macho. Ikitoka 1, tunaandika 1, na mlinganyo wa kawaida unatosha, hata kama tasnifu itakuwa fupi na msimamizi wa pili atanuna.