Kumpa mnunuzi ufunguo

Dodoma, Jumapili usiku

Pikipiki yangu, Boxer, imepata mwenyewe mpya. Ndiyo iliyokuwa ikinipeleka Mtumba kila asubuhi tangu ofisi yetu ihamie Mji wa Serikali. Sasa nimehamia karibu na kituo cha daladala, nikaona niiuze ingali na nguvu. Tangazo liliporuka kwenye magrupu ya WhatsApp simu zikaanza kuita. Nilikuwa nimejiandaa kubishana bei, lakini wengi walitaka kujua jambo jingine kwanza: "Kaka, nikija utaniruhusu niijaribu?"

Waliuliza kwa unyonge, kama mtu anayeomba kukopeshwa. Mmoja alinisimulia kwamba alishazunguka Majengo na Sabasaba siku nzima, na kila alikofika aliwashiwa injini, akaambiwa asikilize mlio, kisha atoe hela. Akiomba kuipanda hata mita mia mbili, muuzaji anabadilika sura.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima, na nimefika mahali pa kusema bila kusitasita: mnunuzi aruhusiwe kuipanda. Hela itangulie, na leseni itangulie hela, lakini aruhusiwe.

Wanaokataa nawaelewa vizuri. Jirani yangu wa zamani kule Nkuhungu alimpa kijana mmoja pikipiki aizungushe mtaani. Kijana aliacha begi la mgongoni na simu kubwa mezani, akasema anarudi sasa hivi. Baada ya nusu saa begi likafunguliwa, ndani matambara. Simu ilikuwa ganda tu, haina hata betri. Alipokwenda kutoa taarifa, swali la kwanza aliloulizwa ni kama ufunguo alimpa mwenyewe kwa mkono wake. Alijibu ndiyo, na hapo akahisi kama yeye ndiye mshtakiwa. Pikipiki ile ilikuwa ya kumlipia ada mwanawe. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia habari ya kuaminiana, atakuona huna huruma.

Lakini niangalie na upande wa pili, kwa sababu wanaonunua pikipiki za mkononi hapa Dodoma wengi ni vijana wa bodaboda. Kijana amekuwa deiwaka miaka, anaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni, anabana mpaka apate yake. Akinunua chombo kibovu, wiki ya pili injini inashushwa, na akiba yote imeishia kwa fundi. Kumtaka anunue kwa kusikiliza mlio tu ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Pikipiki iliyosimama inaficha mengi. Klachi iliyokwisha huwezi kuijua ikiwa imeegeshwa. Ni mpaka uibebeshe mzigo, upande kilima, ndipo unasikia injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Gia inayochomoka huchomoka ikiwa barabarani. Chasisi iliyopinda kwa ajali ikapigwa rangi vizuri inang'aa kuliko mpya, ila ukiipanda unaona inataka kwenda pembeni na wewe unapigana nayo. Breki ndiyo usiseme. Ukiibana pikipiki iliyosimama, kila breki ni nzima.

Yapo pia ambayo hayahitaji kuipanda, na mnunuzi mwerevu huanza na hayo. Huangalia meno ya sproketi inayozungushwa na mnyororo kama yamechongoka, shokapu za mbele kama zinavuja oili, moshi wa bluu unaoonyesha injini inakula oili. Na injini yenyewe aikute ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika huenda anaficha kwamba asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ningekuwa mnunuzi, nikiikuta ya moto ningeomba kurudi kesho yake saa moja asubuhi.

Sheria nayo haimnyimi mnunuzi nafasi hiyo. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inatambua haki ya mnunuzi kupewa nafasi ya kutosha kuikagua bidhaa anapokabidhiwa, kabla haijahesabiwa kwamba ameipokea. Haisemi lazima uipande. Lakini kwa chombo ambacho kazi yake ni kwenda, ukaguzi wa kukitazama kimesimama ni nusu ya ukaguzi.

Sasa kwa nini leseni itangulie hela? Watu wengi hukimbilia kudai kitambulisho cha taifa, simu, hata funguo za nyumba. Vyote hivyo vinakusaidia akikimbia, havikusaidii akianguka. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973, mwaka ule ule ulioamuliwa makao makuu yaje Dodoma, na tangu wakati huo hairuhusu mtu kuendesha chombo cha moto bila leseni ya daraja lake. Ukimpa asiye nayo, umeshiriki kosa. Halafu ipo bima. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu. Mnunuzi akimgonga mwenda kwa miguu, bima ile ndiyo ingesimama, ila kampuni itauliza aliyekuwa anaendesha alikuwa na leseni au hakuwa nayo. Na hata ikilipa, hailipi taa yako iliyovunjika wala mguu wa aliyeanguka nayo. Hata faini akipigwa huko njiani, inaandikwa kwenye namba ya pikipiki, na namba hiyo bado ni yako.

Kwa hiyo mtu akinipigia, nilimwuliza habari ya leseni kabla ya kumwelekeza nilipo. Wawili hawakupiga tena. Sikuwasikitikia, ingawa huenda mmojawapo alikuwa mtu mwema tu asiye na leseni.

Hela ilinisumbua kichwa zaidi. Rahisi ni kusema mnunuzi anipe hela yote, nami nimpe ufunguo. Lakini jiweke kwenye nafasi yake: yuko barabarani na pikipiki isiyo na kadi ya usajili, wewe umebaki na milioni na ushee ya mtu, mtaa hamjuani. Nani kasema mwizi ni mnunuzi tu? Ndiyo maana nilitaka hela ikae kwa mtu wa tatu. Nikamchagua fundi mmoja wa Nzuguni, si mbali na stendi kuu, ana banda lake miaka na hawezi kulihama kwa sababu ya pikipiki moja. Kadi halisi ilibaki kwangu. Hela iwe taslimu, ihesabiwe mbele ya wote. Ujumbe wa simu kwamba muamala umeingia siku hizi mtu anaweza kuutunga mwenyewe, na hata muamala wa kweli anaweza kupiga simu kuomba urudishwe, akidai alikosea namba.

Na kiasi kinachowekwa kiwe bei ya juu kabisa niliyotaja. Akirudi na kasoro, tunashusha. Wapo wanaotaka mmalizane bei yote kabla ya majaribio, lakini hapo majaribio yanakosa maana. Anajaribu ili iweje, kama alichokiona hakiwezi kuingia kwenye bei?

Aliyenunua ni kijana wa Bahi, alikuja na mjomba wake. Mzee alitusalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi," wote tuliokuwa bandani, akakaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani, hakuzungumza sana. Kijana hakukimbilia ufunguo. Alianza kwa kuweka kiganja kwenye injini. Baridi. Akachuchumaa, akafuta vumbi shingoni mwa pikipiki kwa pindo la shati, akasoma namba ya chasisi kwa sauti, tarakimu moja moja, huku mjomba anafuatisha kwenye kadi niliyomshikia. Wakafanya vivyo hivyo kwa namba ya injini. Nilimpenda papo hapo. Fundi akahesabu hela, tukaandika karatasi: namba ya pikipiki, saa aliyopewa, hela iko kwa nani, na kwamba ikianguka mikononi mwake atalipia matengenezo au ataichukua kwa bei iliyowekwa. Tukatia sahihi wote, pamoja na mzee.

Nilipanda nyuma yake. Hili ndilo ambalo ningependa wauzaji walifikirie zaidi. Watu huliona kama ulinzi, na ni kweli, lakini lina faida nyingine: kijana anayenunua chombo cha kubebea abiria anakijaribu kikiwa na abiria. Klachi, shokapu za nyuma, nguvu ya kupanda mlima, vyote anavipima katika hali atakayofanyia kazi. Tulivaa kofia ngumu sote wawili. Tulikubaliana tusiguse barabara ya Dar es Salaam kwa sababu ya malori, tukapita barabara za ndani, vumbi kwanza halafu kipande cha lami. Kwenye mchanga alipunguza gia mapema, kwa mguu mwepesi, hapo nikajua nimekaa nyuma ya mtu anayejua kazi. Kwenye lami akaniuliza kama nasikia. Sikusikia kitu. "Beringi ya tairi la mbele inalia, kaka. Na breki ya nyuma imebaki kidogo sana." Tuliporudi fundi akainyanyua, akalizungusha lile tairi kwa mkono, na kweli ilikuwa inakwaruza. Tukashusha 40,000.

Hizo 40,000 sikuzionea uchungu hata kidogo. Angeigundua beringi ile akiwa ameshafika Bahi, angenipigia simu, na mimi ningejibu kwamba uliikagua ukaridhika. Tungeanza kutupiana maneno, na mzee yule angeniona mimi ni tapeli wa mjini. Sasa hana la kuniambia, nami sina la kuogopa simu yake ikiingia. Kesho tunaonana TRA, kwa watu wa mapato, kuhamisha umiliki.

Ila kukaa nyuma si kwa kila mtu. Mama mmoja jirani yetu hapa Ipagala anauza pikipiki ya marehemu mumewe, na aliposikia habari hii kutoka kwangu akaniuliza afanyeje. Siwezi kumwambia apande nyuma ya mwanamume asiyemjua azungushwe mitaani. Hata mimi nisingekubali kama ingekuwa jioni, au kama kijana angetaka tuelekee njia zisizo na watu. Na kumwambia asimruhusu mtu kuijaribu ni kumpunguzia bei, maana wanunuzi watadhani ina kasoro. Kwake naona fundi ndiye aendeshe, mnunuzi akae nyuma asikilize, kisha wakifika uwanja ulio wazi wabadilishane. Anayeteua fundi awe mama, si mnunuzi, na hela ikae kwa mtu mwingine kabisa, tofauti na huyo anayeendesha.

Jambo moja limetokea tulipokuwa tunapanga. Nilimwomba kadi, nikakuta bado ina jina la marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Mpaka Mahakama ya Mwanzo imthibitishe kuwa msimamizi, hana mamlaka ya kuiuza wala TRA hawatahamisha umiliki kwa sahihi yake. Mnunuzi ameshapatikana na anataka kuja Jumatano kuijaribu. Nimempigia mimi mwenyewe, nikamweleza ilivyo, nikamwomba avute subira. Amekubali, ila ameuliza kama anaweza walau kuja kuiona. Nimemwambia aje, aje asubuhi, ataikuta ya baridi.