Kaharabu ya Puerto Plata na chupa yangu ya maji ya chumvi

Nianze na yule kijana wa duka la vito pale Charlotte Amalie, maana hasira zangu zilianzia kwake. Tulikuwa tumeshuka huko, kisiwa cha St. Thomas, Karibiani, mimi, mume wangu na wifi, siku chache tangu meli yetu ya utalii ing'oe nanga Miami. Kijana akanivisha pete ya tanzanite, akawasha taa, akaanza kunisomesha: jiwe hili hupatikana sehemu moja tu duniani, karibu na mlima Kilimanjaro, likiisha ndiyo basi. Mimi nimesoma sekondari Arusha. Mererani, linakochimbwa, nimefika, vumbi lake nalijua. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza kwa upole kama hili limechomwa. Akashtuka, akaapa halijawahi kuguswa na moto. Sasa, tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, moto ndio unaozipa ile bluu, wala si aibu. Lakini muuzaji asiyejua hilo atanidanganya na mengine bila mwenyewe kutambua. Nikavua pete. Bei sitaitaja, mume wangu bado anaiota.

Wifi akaninunia. Yeye alihudhuria ule mkutano wa manunuzi melini, wanakogawa ramani ya maduka "ya kuaminika", na ramani ile alitembea nayo kama pasipoti. Nilimwonyesha pale chini, kwa herufi za sisimizi, palipoandikwa kwamba maduka yamelipia kuwekwa humo. Akasema mimi mbishi tu.

Kusema kweli vito vya taa nyingi havikuwa shida yangu. Nilitaka kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, ya kumpelekea mama Tanga, na Jamhuri ya Dominika inajulikana kwa kaharabu. Kuna na larimar pia, jiwe la bluu ya bahari ambalo halichimbwi kwingine. Zuri, ila ni laini. Lifanye hereni au kidani, pete hapana, kama unaosha vyombo kwa mkono kama mimi.

Tulipofika Puerto Plata, bandari ya nchi hiyo, nikajifanya mjanja. Mbele kidogo ya bandari nikakutana na bwana mwenye sinia, ana mkufu wa shanga za asali, na kila ushanga una mbu wake ndani, amekaa katikati ameangalia mbele kama aliyepigwa picha ya kitambulisho. Mbu ishirini na kitu! Nikabishana bei kama niko soko la Ngamiani, kutoka dola hamsini hadi ishirini. Nikarudi melini kula, maana chakula cha melini tumeshakilipia, nikimtambia mume wangu njia nzima.

Wakati nakula ndipo moyo ukaanza kunidunda. Mbu wote wale wamekufaje kwa adabu vile? Nikakusanya vipakiti vya chumvi mezani hadi mhudumu akanitazama vibaya, nikapanda chumbani, nikakoroga kama vijiko vinane vya chai kwenye glasi moja ya maji. Kaharabu halisi huelea kwenye maji ya chumvi kali. Nikakata uzi, nikatumbukiza ushanga mmoja. Ulizama kama nanga. Wa pili, hivyo hivyo. Mume wangu hakusema neno, akawa anaangalia dirishani mabega yakimtikisika.

Basi nikamimina yale maji kwenye chupa, nikachukua na asetoni yangu ya kutolea rangi ya kucha, nikashuka tena. Mume wangu alitembea hatua kumi nyuma yangu. Maduka mawili yalikataa chupa, nikatoka bila kuaga. La tatu, mjini, mama mwenye duka aliiona akacheka hadi akashika meza, kisha akatoa jagi lake mwenyewe chini ya kaunta. Akanipa shanga ambazo hazijafungwa madini, kwa sababu fedha au dhahabu huzivuta chini ukakosa jibu. Zikaelea zote.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopigwa, kwa sababu kuna plastiki inayoelea, na sandarusi nayo huelea. Bibi yangu alikuwa akifukiza sandarusi, kwa hiyo najua ni utomvu mchanga, ambao haujakomaa kuwa kaharabu. Tena mti uliotoa kaharabu ya Dominika, uliokwisha kutoweka, wataalamu wanausema ni ndugu wa karibu wa msandarusi wetu wa pwani. Nikaomba ruhusa, nikadondosha asetoni karibu na tundu la ushanga, nikabonyeza kwa kidole. Sandarusi ingenata. Huu ulibaki mkavu. Mwenye duka akamalizia kwa kuzimulika na taa ya zambarau, zikang'aa bluu.

Nililipa chini ya dola mia mbili, sikumbuki kamili, na nikadai risiti. Ukirudi Marekani kawaida kila mtu anaruhusiwa bidhaa za dola 800 bila ushuru, na afisa huuliza.

Mama yangu, kule Tanga, alipozipokea hakuuliza nilikozitoa wala nilivyohangaika. Alizisugua kwenye kanga yake, akazisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikarukia juu. "Yenyewe," akasema, akaenda kuzificha.

Zile zilizozama niliziunga uzi upya nikampa wifi. Anazivaa kwenye harusi, naomba habari hizi zisimfikie.