Kumkuza mhusika katika tamthilia ya muziki

Mwigizaji akipewa mhusika ambaye hajakomaa, mara nyingi hukimbilia sauti nyembamba, kurukaruka na deko. Dakika kumi hazipiti, watazamaji wamechoka naye. Utoto wa mtu mzima uko kwenye anachokitaka, na kwenye kutomwona anayeumia anapokitafuta.

Kazi inayolionyesha hili vizuri kuliko zote ninazozijua ni Merrily We Roll Along, muziki na mashairi ya Stephen Sondheim, matini ya George Furth. Hadithi inakwenda kinyumenyume. Tunakutana na Franklin Shepard akiwa tajiri aliyewapoteza marafiki, kisha tunarudishwa nyuma hadi mwaka 1957, juu ya paa jijini New York, yeye na wenzake wakiitafuta angani Sputnik, satelaiti ya kwanza kurushwa na binadamu. Katika toleo lililosahihishwa, linalochezwa siku hizi, Beth, mke wa Franklin, anauimba wimbo mmoja kwa uchungu siku ya talaka yao. Baadaye tunausikia tena siku ya harusi yao. Marudio yametangulia wimbo wenyewe! Ile furaha ya harusi haivumiliki, kwa sababu sisi tunajua na wao hawajui.

Ilipofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, Novemba 1981, chini ya mwongozaji Harold Prince, ilidumu maonyesho 16 tu. Waigizaji walikuwa vijana mno, na mchezo unaanza na watu wa makamo. Watazamaji walishindwa hata kujua nani ni nani, hadi maleba yakaachwa na waigizaji wakavaa fulana zilizoandikwa majina ya wahusika wao. Mwaka 2023 ilirudi Broadway na watu wazima, Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez, ikapata Tony, tuzo kuu ya Broadway, ya 2024 ya mchezo bora wa muziki uliofufuliwa. Mtu mzima anaukumbuka ujana wake. Kijana hana pa kuuchota uchovu wa miaka arobaini.

Kama unatunga au unaongoza, anzia kwenye wimbo wa matamanio, ule wa mwanzoni ambapo mhusika anasema anachokitaka. Anapourudia wimbo huo akiwa amekua, iache melodia ya mistari miwili ya kwanza kama ilivyo, la sivyo sikio halitaukumbuka. Kisha shusha ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, toni moja, na kama mwendo ulikuwa mapigo 132 kwa dakika, jaribu 108. Ukishuka hadi 70 utapata kilio, na kukomaa si kulia. Toa ngoma, bakiza piano. Pumzi nayo ina kazi: asiyekomaa huvuta hewa katikati ya sentensi kwa pupa, aliyekomaa humaliza wazo kwanza.

Usipandishe ufunguo mwishoni. Watazamaji husikia ushindi, wakapiga makofi, na kile ambacho mhusika amekipoteza kinafunikwa na kelele. Afadhali amalizie noti ya chini, bila kuishikilia, mwenzake aanze kusema kabla muziki haujakoma.