Unauza Nini? Siku Tatu za Baiskeli Milima ya Kondoa

Konda alisema baiskeli ni abiria. Nikamwambia haina makalio, itakaaje? Akasema itakaa buti, ila italipa kama iliyokaa dirishani. Watu wakacheka, nami nikatoa 10,000 nyingine juu ya 10,000 yangu, tukaondoka Dodoma alfajiri nikiwa nimeshalaliwa kabla hata hatujafika mizani. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo linaniuma.

Mimi ni mkazi wa Dodoma tangu mji ukiwa bado unaweza kuendesha baiskeli huku unawaza mambo yako. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, ukiwa juu ya baiskeli huwazi chochote isipokuwa bampa iliyo nyuma yako. Mwaka jana lori lilinitupa mtaroni kwa upepo wake tu, halikunigusa. Nikajiapiza kwamba likizo nitakwenda mahali ambapo sitasikia honi siku tatu.

Mahali penyewe ni milima ya Irangi, mashariki mwa Kondoa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na mabasi na malori yote yanapita huko. Njia za udongo za mlimani wameachiwa watu wa miguu, punda na baiskeli. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kati ya Kondoa mjini na Haubi, asubuhi nzima, nilipishana na bodaboda nne na gari moja, nalo lilikuwa limeharibika.

Kupanda kwenyewe sitakusimulia sana. Ni kupanda. Kuna sehemu nilisukuma, kuna sehemu nilisimama nikajifanya napiga picha. Ilikuwa Julai, baridi ya asubuhi inakata masikio, uwele umeshavunwa, na alizeti zilizobaki zimeinamisha vichwa kama wanafunzi waliochelewa. Kimya nilichokuwa nakitafuta nilikipata, mpaka nikaanza kusikia mnyororo wangu unavyolalamika.

Shida ilikuwa swali. La kwanza aliniuliza mama aliyekuwa anapeta mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama mikoba miwili iliyoning'inia nyuma, akaniuliza: "Unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama. Natembea tu."

"Unatembea unakwenda wapi?"

"Haubi."

"Haubi una nani?"

"Sina mtu."

Akaacha kupeta. Mtu mwenye mikoba asiyeuza kitu, anayepanda mlima kwenda mahali asipokuwa na ndugu, huyo ama ni mpima ardhi ama ana matatizo. Akanipa pole, na ilitoka moyoni. Kutoka hapo hadi Haubi niliulizwa swali lile mara sita. Mmoja alitaka sabuni, mmoja betri za redio, na kijana mmoja alinipigia mluzi toka ng'ambo ya korongo ili kujua kama nina vocha.

Haubi nililala chumba cha 15,000 chenye kitasa kinachofunguka kwa nje tu. Jioni niliteremka mpaka kwenye ziwa, nikakaa kuangalia ndege na watoto wanaochota maji. Ni zuri. Nimeshalisema, twende kwenye mbigili.

Siku ya pili nilikuwa nateremka kuelekea Kolo kwa njia ya mkato niliyoelekezwa na mtu ambaye, sasa najua, huwa anaipita kwa miguu. Nikakata ukingo wa shamba lililopumzishwa. Mita mia mbili hivi, si zaidi. Nilipotoka upande wa pili tairi zote mbili zilikuwa zinapumua. Mbigili, ule mmea unaotambaa ambao ulitutoboa nyayo sote tulipokuwa wadogo, ulikuwa umejipanga kwenye mpira kama njugu kwenye kashata. Nikabadilisha mpira wa nyuma kwa ule mmoja wa akiba, wa mbele nikautia kiraka, nikajaza upepo, nikaenda kilomita mbili. Zikapumua tena. Kumbe ndani ya tairi vipande vya miiba vilikuwa bado vimebaki. Na nilipotoa pampu mara ya pili, mpini ukabaki mkononi na pampu ikaanguka chini.

Nikasukuma kwa saa nzima mpaka kwenye kijiji kimoja ambacho sikuandika jina lake, na chini ya mwembe nikamkuta fundi. Mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya kiua, kanzu imekunjwa mpaka magotini ili isishike grisi. Mbele yake beseni la maji, kopo la maziwa lililotobolewa misumari, na furushi la mipira chakavu. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Mimi wa nne.

Nilikaa pale tangu saa nne mpaka saa tisa na sijutii hata dakika moja, ingawa wakati ule nilijuta sana.

Zamu yangu ilipofika, aliutoa mpira wa nyuma, akaujaza pumzi kwa mdomo, akauzamisha kwenye beseni kipande kwa kipande. Mapovu yakipanda tu, anachukua mwiba wa mgunga kutoka kwenye mkebe, anauchomeka kwenye tundu ili asilipoteze. Alikuwa anatia alama kwa mwiba palipotobolewa na mwiba! Alipomaliza, mpira ulikuwa kama nungunungu. Kumi na moja nyuma, saba mbele. Watoto walihesabu kwa sauti. Kisha akakwangua kila tundu kwa mgongo wa lile kopo, akapaka solusheni, akaipuliza, akasubiri. Hakuwa na haraka na gundi. Mimi nyumbani huwa nabandika ikiwa mbichi, ndiyo maana huwa inabanduka.

"Baiskeli hii umenunua kiasi gani?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Ilikuwa ni milioni moja na laki nane. Nikasema, "Laki tatu, mzee."

"Laki tatu," akarudia, akaipapasa nyuma. "Na hawakukupa keria ya kupakia gunia?"

Nikasema hawakunipa. Akatikisa kichwa kwa ajili yangu.

Ilipofika kujaza upepo tukakwama, kwa sababu valvu za baiskeli yangu ni zile nyembamba na pampu yake haizijui. Hapo nikaona safari imeishia chini ya mwembe. Mzee akaitazama kama dakika mbili, akang'oa kichwa cha pampu, akausukumizia mdomo wa bomba moja kwa moja juu ya valvu, akaufunga kwa ukanda wa mpira akivuta kwa meno. Akampa mjukuu wake apige. Ukavuja kidogo kwa mlio wa mtu anayekoroma, lakini tairi likajaa.

Kwenye kusubiri ndipo tulipozungumza. Nilimuuliza juu ya yale makorongo niliyoyapita, marefu kuliko nyumba, lakini yameota miti mpaka chini. Akaniambia alipokuwa kijana hayakuwa na mti hata mmoja, ardhi ilikuwa nyekundu tupu, na mvua ikinyesha mlima unateremka. Mradi wa Serikali wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke. Ng'ombe wa baba yake walipelekwa kwa ndugu nje ya eneo, huko nyikani. "Majani yalirudi," akasema. Akaufinya mpira kusikiliza kama bado unapumua. "Ng'ombe wetu hawakurudi. Miaka mingi maziwa tulikuwa tunayakumbuka." Sikujua niseme nini, nikasema pole. Akasema si pole, ndivyo miti ilivyoota.

Nilimkumbuka baba yangu. Kwetu ni Mpwapwa, na baba alikuwa na Phoenix nyeusi aliyoipaka mafuta ya nazi kila Jumapili kama anayempeleka binti kwenye posa. Sisi tulijifunzia hiyo hiyo, mguu umepitishwa chini ya bomba kwa sababu juu hatufiki. Alinipakia kwenye keria kunipeleka hospitali usiku, nikiwa nimefungwa kwake kwa kanga ya mama. Aliiuza mwaka niliofaulu kwenda sekondari. Sijawahi kumsikia baba anasema amekwenda mahali "kutembea tu". Angeniona na milioni moja na laki nane isiyobeba gunia, angenyamaza, na kile kimya chake ndicho ningekiogopa.

Viraka 18, kila kimoja 300: 5,400. Nikampa 10,000, akarudisha chenji mpaka ya mwisho. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mama mmoja mwenye baiskeli iliyopakiwa debe mbili za mahindi, alikuwa anazitazama zile kamba zangu za mpira zenye ndoano ninazofungia mikoba.

"Hizi kiasi gani?"

"Siuzi, dada."

"Sasa umezileta huku za nini?"

Nilifungua mdomo nijibu, na jibu halikuja. Nikamwambia achukue tu. Akakataa katakata, akanipa 1,000 kwa mbili, akazijaribu kwenye debe, akaridhika. Mzee akachukua moja kwa 500. Mikoba yangu nikaifunga kwa ukanda wa mpira chakavu, na mpaka naandika haya haijalegea.

Kolo nilifika giza limeingia. Asubuhi nilipanda na mwongoza wageni kwenda kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, twiga, tembo. Mbele ya jiwe moja aliniambia wazee bado huja kufanya matambiko. Magoti yalikuwa yanatetemeka kwa uchovu, na nakiri nusu ya maelezo niliyasikiliza nikiwa nimekaa.

Mchana nilikuwa kando ya lami nikisubiri basi. Muuza karanga akaja, akaitazama baiskeli, akaitazama ile mikoba.

"Unauza nini, kaka?"

"Kamba za mpira," nikasema. "Zimeisha."

"Za ndoano? Nimeiona moja kwa watu leo asubuhi." Akanipimia karanga kwa kikombe, akaongeza kidogo juu. "Ukija tena lete ndefu. Hizo za mjini fupi, hazizungushi gunia."

Nikaandika kwenye simu: ndefu.