Nilivyofaulu somo la maunzi na mifumo endeshi kwa kompyuta mbovu ya steshenari

Karatasi ya jaribio la kwanza ilirudi ikiwa na 11 kati ya 30. Swali lililonimaliza lilikuwa moja: eleza kinachotokea tangu mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta hadi anapoweza kufungua programu. Lilikuwa na alama 10, nikapata 2. Kilichoniuma ni kwamba majibu yake nilikuwa nimeyakariri. Nilikesha nayo, nikayaandika karibu kama yalivyokuwa kwenye slaidi, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu "Kwa nini?" mara tatu, kwenye mistari mitatu tofauti.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa TEHAMA, Dar es Salaam, nimetoka Masasi na cheti changu cha kidato cha nne. Kompyuta nilikuwa nimezigusa mara za kuhesabu. Maabara ya chuo ilikuwa na mashine chache kuliko sisi, watu watatu wanne kwenye kioo kimoja, na mwepesi wa mkono ndiye anayeshika kipanya mpaka kipindi kinakwisha. Mimi sikuwa mwepesi. Mihadhara yote ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kunakili ubaoni.

Somo lenyewe lilikuwa na vipande viwili: wiki za mwanzo maunzi (vifaa vyenyewe vya kompyuta), zilizobaki mifumo endeshi (programu kuu zinazoviendesha vifaa hivyo, kama Windows), na vilifundishwa kana kwamba ni watu wawili wasiojuana. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaolianza somo hili sasa, maana nilikwama pale pale wanapokwama wengi, na kilichonikwamua kilikuwa kwenye stoo ya mama mdogo.

Nilikuwa nakaa kwake Mbagala. Ana steshenari ndogo: mashine moja ya fotokopi, madaftari, kalamu, na kompyuta moja ya kuchapia barua. Nyuma, kwenye stoo, kulikuwa na kompyuta nyingine ya mezani iliyozibwa na maboksi ya karatasi.

"Shikamoo mama mdogo. Ile ya stoo ina nini?"

"Marahaba. Ile ilishakufa, mwanangu. Fundi alisema mazabodi imeungua."

"Naomba niifungue."

"Ifungue, ila ukimaliza unifagilie humo ndani."

Mazabodi ni ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Nilichomoa waya wa umeme, nikashika bati la kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini uishie pale, nikafungua skrubu mbili za nyuma. Vumbi lilikuwa limelala kama blanketi, na kwenye feni ya prosesa, kifaa kinachotekeleza maagizo yote ya kompyuta, kulikuwa na mjusi aliyekauka. Nilisafisha kwa brashi ya kupakia rangi, taratibu, jioni nzima. Halafu nikachukua daftari la somo na kuanza kutafuta kila kitu kilichoandikwa mle. Prosesa ya Core 2 Duo ilikuwa chini ya feni. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea, zilikuwa mbili, gigabaiti 1 kila moja. Diski ya kuhifadhia mafaili, pawasaplai ya kugawa umeme, nyaya za SATA za kuunganisha diski, betri ya mviringo kama sarafu yenye maandishi CR2032. Kwa mara ya kwanza yale majina yalikuwa na uzito mkononi.

Nikairudishia umeme na kuiwasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, na ikaanza kulia: piii, piii, piii.

Hapo ndipo "Kwa nini?" ya mwalimu iliponiingia. Mashine iliyokufa hailii. Kama inalia, kuna kitu ndani kilichofika mahali fulani, kikakwama, kikasema. Nikarudi kwenye ile orodha niliyoikariri na kuisoma upya huku nasikiliza. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai inaamka, inatulia, kisha inaipa mazabodi ishara kwamba umeme uko sawa. Prosesa wakati huo haijui kitu, haijui hata kama kuna diski. Inachoweza ni kwenda kwenye anwani moja iliyopangwa tangu kiwandani na kusoma maagizo yanayokaa hapo, ndiyo bayosi. Bayosi inakagua vifaa kimoja kimoja. Ikifika kwenye ramu na kukuta haifai, haiwezi kukuandikia ujumbe kwenye kioo, kwa sababu kioo chenyewe hakijaandaliwa bado. Kilichobaki ni spika. Kwa hiyo inalia. (Maana ya milio hutofautiana kulingana na aliyetengeneza bayosi, usikariri ya mashine moja ukadhani ni ya zote.)

Nikachomoa ramu zote mbili, nikasugua yale meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikarudisha moja tu. Ikawaka. Nikaweka ya pili, ikalia tena. Nikahamisha ile ya kwanza kwenye nafasi ya pili, ikawaka. Basi nafasi zote nzima, ramu moja ndiyo mbovu, na mazabodi haikuwa imeungua. Nilimwita mama mdogo aje aone kioo. Alisimama mlangoni na peni sikioni, akasema, "Kumbe!" tu, akarudi kwa wateja, lakini usiku ule alinipikia chapati.

Ile betri ya mviringo, inayotunza saa ya kompyuta, nayo ilikuwa imeisha. Kila ukizima na kukata umeme, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti nyingi zinagoma kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Betri mpya ya shilingi 2,000 ikamaliza tatizo ambalo ningeweza kuhangaika nalo wiki nzima nikidhani ni intaneti.

Diski nayo ilikuwa na Windows ya zamani iliyoharibika, nikaamua kuweka Debian, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa Linux, kutoka kwenye flashi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki, na nilichokipenda ni kwamba haikufichi chochote. Orodha yangu ikaendelea mbele ya macho: bayosi inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, na ndani yake maagizo ni baiti 446, yanayobaki ni jedwali la migawanyo ya diski na alama ya mwisho. Programu ya mfumo endeshi haiwezi kuenea mle. Ndiyo maana kuna kipakizi, programu ya kupakia mfumo endeshi, kidogo kinachokiita kikubwa, kisha kikubwa kinaita kiini cha Linux, yaani moyo wake, na kiini kinaanzisha programu ya kwanza kabisa, yenye namba 1. Hapo ningeweza kumjibu mwalimu kwa nini, mistari yote mitatu.

Katikati ya usakinishaji wa kwanza uniti za umeme ziliisha, nikaanza upya. Siku nyingine zikaisha mashine ikiwa inafanya kazi, nikajua mafaili yameharibika. Ilipowaka ikaandika kwamba inarejesha jarida, ikaendelea, kila kitu kipo. Darasani tulikuwa tumeambiwa ext4, mfumo ambao Linux yangu ilitumia kupanga mafaili kwenye diski, ina jarida, na hakuna aliyeuliza la nini. Mimi jibu nililikuta kaunta. Mama mdogo ana daftari la madeni, na kanuni yake haivunji: anaandika kwanza, ndipo anatoa bidhaa. Hata akikatizwa na mteja mwingine, akirudi anasoma mstari wa mwisho na kujua nini kilikuwa kinaendelea. Ext4 inaandika kwanza kwenye jarida mabadiliko inayotaka kuyafanya kwenye mpangilio wa mafaili, ndipo inayafanya. Umeme ukikatika, inasoma jarida. Halinusuru kila herufi uliyokuwa unaichapa, lakini mpangilio haubaki nusunusu.

Lakini sehemu ambayo ningependa msomaji aishike ni hii ya kumbukumbu pepe, yaani mfumo endeshi kutumia sehemu ya diski kana kwamba ni ramu, kwa sababu hapo ndipo vile vipande viwili vya somo vilipokutana.

Mashine ilikuwa na gigabaiti 1 ya ramu. Nikifungua brauza na kurasa mbili tatu, mambo shwari. Nikiongeza ya nne na ya tano, kipanya kinaanza kusuasua, na diski inaanza kukwaruza, krr, krr, krr, taa nyekundu ya mbele ikiwaka bila kupumzika. Mwanzoni nilidhani diski inakufa. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri `vmstat 1`, inayotoa mstari mmoja wa namba kila sekunde. Kuna safu mbili, si na so. Ya kwanza ni kinachoingia kwenye ramu kutoka diski, ya pili ni kinachotoka ramu kwenda diski. Diski ikikwaruza, namba zinapanda. Ikinyamaza, zinarudi sifuri. Nilikaa pale nikiwa nimeweka sikio karibu na kasha na jicho kwenye namba, nikifungua ukurasa, nikifunga ukurasa. Nilikuwa nasikia mfumo endeshi ukifanya kazi.

Kaunta ya mama mdogo ni fupi. Karatasi za wateja anaowahudumia zinakaa juu yake. Wakizidi, anakusanya za yule aliyesema "narudi baadaye" na kuzipeleka stoo. Akirudi mwenyewe, zinafuatwa stoo, na ili zipate nafasi, za mtu mwingine zinaondoka. Ramu ni kaunta, diski ni stoo. Hata jina linakaribiana na karatasi: mfumo endeshi unagawa kumbukumbu katika kurasa (si zile za brauza), na kwenye mashine yangu kila ukurasa ni baiti 4,096. Niliuliza kwa amri ya `getconf PAGESIZE`, ikanijibu.

Kwa nini basi iwe polepole vile? Hapo maunzi yanajibu. Diski yangu ilikuwa ya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani unasubiri zaidi ya milisekunde 4 ili data yako ifike chini ya kichwa cha kusomea, bila kuhesabu muda wa kichwa chenyewe kuhama. Ramu inajibu kwa makumi ya nanosekunde. Tofauti ni ya makumi ya maelfu ya mara. Stoo ya mama mdogo iko hatua sita kutoka kaunta. Kama ingekuwa mbali kwa kiasi hicho, angekuwa anafuata karatasi mkoa mwingine.

Nilipopata hela nikaenda Kariakoo kununua ramu. Kijana wa duka akanipa ya DDR3, nikafika nyumbani haiingii. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, ukitazama haraka ni mapacha, ila pengo la katikati ya meno haliko mahali pamoja, na liliwekwa hivyo makusudi: DDR2 inatumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5. Kesho yake nikarudi na ile mbovu mkononi. "Kaka, yangu ni kama hii." Akazilaza mbili juu ya kioo, akaona, akanibadilishia bila maneno. Tangu siku hiyo siendi kununua kipuri bila kubeba cha zamani. Nilipoiweka na kufungua zile kurasa tano, namba zikabaki sifuri na diski kimya.

Kupanga zamu za prosesa sikupata nalo shida baada ya hapo, wala mkwamo wa programu mbili kila moja inashikilia kinachotakiwa na mwenzake. Hesabu za tarakimu mbili, yaani za 0 na 1 pekee, ni mazoezi tu. Ukijua kwamba biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, kila moja ya baiti moja, umeshaelewa kwa nini mifumo ya biti 32 huishia kwenye gigabaiti 4.

Lugha ndiyo ilihitaji mpango. Tulikuwa watano, tukikutana jioni barazani kwa mama mdogo. Tulikubaliana kila mada ielezwe kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno yoyote, mpaka wa mwisho aelewe. Ndipo tunaiandika kwa Kiingereza cha mtihani. Wengine darasani waliona tunapoteza muda. Mimi nasema bila kusita kwamba bila baraza lile nisingefaulu. Kiingereza kilikuwa kinanificha: niliweza kuandika sentensi sahihi juu ya kitu nisichokijua, na mimi mwenyewe nisigundue. Kwa Kiswahili, wenzangu walikuwa wananikamata hapo hapo.

Mtihani wa vitendo mwishoni mwa muhula ulikuwa wa dakika 40. Kila mmoja alikuta mashine yenye hitilafu iliyowekwa na mwalimu. Yangu ilizungusha feni, haikulia, haikuonyesha kitu. Kimya kile kilinitisha kwanza, maana nilizoea kuambiwa. Nikafuata orodha kuanzia juu: umeme upo, feni zinazunguka, prosesa je? Nikafuata nyaya kwa kidole na kukuta ule wa pini nne unaolisha prosesa umeachiwa, umefichwa nyuma ya nyaya nyingine. Prosesa haikuwa na umeme, kwa hiyo hata bayosi ya kulia haikusomwa. Nikaubana, ikawaka. Mwalimu akaniuliza, "Kwa nini haikulia?" Nikamweleza.

Nilimaliza somo na B+. Ile kompyuta sasa iko kaunta, wateja wanachapia barua za maombi ya kazi. Juzi niliporudi likizo nilimkuta kijana amefungua kurasa kibao za matangazo ya ajira na diski imeanza kukwaruza. Kabla sijasogea, mama mdogo akainua kichwa kutoka kwenye fotokopi. "Baba, funga hizo usizosoma," akamwambia. "Kaunta imejaa, inapeleka stoo."