Horus na tarehe 25 Desemba: tuanze na kalenda

Desemba ikifika, nauli za kwenda mikoani zinapanda, fundi cherehani anazidiwa na nguo za sikukuu, na kwenye magrupu ya WhatsApp unarudi ujumbe uleule: Horus, mungu wa Misri ya kale, alizaliwa tarehe 25 Desemba, mama yake alikuwa bikira, alikuwa na wanafunzi 12, Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, vilevile, kwa hiyo Krismasi ni sikukuu ya miungu ya kale iliyobadilishwa jina. Wengine wanausambaza kwa sababu hawana dini. Wengine wanausambaza kwa sababu ni wacha Mungu sana na hawautaki mti wa Krismasi sebuleni. Mimi ni mtu wa kudai ushahidi, na kwangu anayekuja kutufumbua macho anadaiwa ushahidi sawasawa na anayehubiri.

Ujumbe wa namna hii nauuliza mambo matatu: nani aliandika, aliandika lini, na alihesabu kwa kalenda gani. Hilo la tatu watu hulipita, na ndilo lenye utamu wote.

Kalenda ya kiserikali ya Misri ya kale ilikuwa na miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, kisha siku 5 za nyongeza mwishoni. Jumla 365, basi. Haikuwa na mwaka mrefu wa siku 366. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo, kwa hiyo kila miaka 4 kalenda iliachana na majira kwa siku moja. Miaka 120 ikipita, pengo limefika mwezi mzima. Ili tarehe moja izunguke majira yote na kurudi ilipoanzia, inapita miaka kama 1,460. Mwaka 238 KK, enzi ya Ptolemy III, makuhani waliokutana Canopus, mji wa Misri, waliamuru iongezwe siku moja kila mwaka wa nne. Amri ikachongwa kwenye mawe, watu wakaendelea na hesabu yao ya zamani. Kalenda ilikuja kutulizwa chini ya Augusto, Misri ilipokuwa tayari mikononi mwa Warumi.

Watu wa pwani hili hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwaka wa Nairuzi, ule wa manahodha na wakulima uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, nao una siku 365 bila nyongeza. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa siku hizi huangukia Julai: wanaume wanacharazana kwa magogo ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Rudi nyuma miaka 160 kwa hesabu hiyohiyo na unaongeza siku 40, unajikuta ukingoni mwa Agosti na Septemba. Sherehe ni ileile; tarehe ya kizungu ndiyo iliyohama. Sasa chukua sikukuu yoyote ya Misri iliyofungwa kwenye mwaka wa aina hiyo, uifuate kwa miaka elfu mbili, halafu uniambie ilikuwa 25 Desemba. Ya mwaka gani?

Tuna hata maandishi. Plutarch, Mgiriki aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa karne ya 2 BK, anasimulia kwamba zile siku 5 za nyongeza ni siku za kuzaliwa miungu watano kwa zamu: Osiris, Horus mkubwa, Seth, Isis na Nephthys. Kwa kalenda iliyokwisha kutulizwa, siku hizo ni 24 hadi 28 Agosti, kwa hiyo Horus mkubwa anapata ya 25 Agosti. Yupo na Horus mdogo, mtoto wa Isis, na hapa haki itendeke: Plutarch huyohuyo anasema Isis alimzaa karibu na wakati ule wa mwaka ambapo mchana wa kaskazini ni mfupi kuliko wote. Huo ndio msaada mkubwa ambao ujumbe wa WhatsApp unaweza kuupata. Ni majira tu, bila tarehe, na umeandikwa Warumi wakiwa wameshatawala Misri zaidi ya karne nzima.

Ubikira nao haukai. Isis alikuwa mke wa Osiris. Seth alipomkatakata Osiris vipande 14, Isis alizunguka akivikusanya, akavipata vyote isipokuwa uume uliokwisha kuliwa na samaki. Akatengeneza mwingine mahali pake. Ni kisa kizito na kizuri kwa namna yake, na kinaonewa kikilazimishwa kufanana na cha Bethlehemu. Wanafunzi 12 sijawakuta katika maandishi yoyote ya Kimisri. Wapo wana wanne wa Horus, walinzi wa mitungi iliyohifadhi ini, mapafu, tumbo na utumbo wa maiti.

Mithras hatuchukui muda. Sanamu zake zinamwonyesha akichomoza kutoka kwenye mwamba, tayari kijana, kisu mkono mmoja na mwenge mkono mwingine. Hakuna andiko la kale linalotaja tarehe yake ya kuzaliwa. Saturnalia ya Warumi, ya zawadi na mishumaa na watumwa kukaa mezani na mabwana, ilianza 17 Desemba na hata iliporefushwa iliishia 23.

Dai linalostahili kusikilizwa ni la Jua Lisiloshindwa, mungu jua wa Warumi. Kuna kalenda ya mwaka 354 BK, kazi ya mwandiko wa Filocalus aliyoiandaa huko Roma kwa tajiri mmoja Mkristo aitwaye Valentinus. Kwenye 25 Desemba pameandikwa kwa kifupi: kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, mashindano 30 ya magari ya farasi. Lakini ndani ya mkusanyo huohuo imo orodha ya kumbukumbu za mashahidi wa Kanisa, yaani wafia dini, inayoanza na kuzaliwa kwa Kristo tarehe hiyohiyo; orodha hiyo kwa kawaida hukadiriwa kuwa ya mwaka 336. Maandishi yote mawili yametufikia kwa pamoja. Watu husema Kaisari Aurelian aliianzisha sikukuu hiyo mwaka 274. Mwaka huo alijenga hekalu la Jua, hilo ni kweli. Kwamba alichagua 25 Desemba ni dhana, hakuna andiko la zama zake linalosema hivyo. Anayedai nani alimwiga nani anaeleza zaidi ya karatasi zilizopo.

Ipo njia nyingine ambayo mimi naiona ina nguvu zaidi. Tertullian, mwandishi Mkristo, karibu mwaka 200, aliweka kifo cha Yesu tarehe 25 Machi. Wakristo wa kale walipenda kuamini kwamba alitungwa mimba siku ileile ya mwaka aliyokuja kufa, na askofu Augustino anaieleza imani hiyo waziwazi. Kutoka 25 Machi hadi 25 Desemba ni siku 275, miezi 9 kamili. Upande wa mashariki waliokuwa wakitumia 6 Aprili kama siku ya kifo walifika 6 Januari, siku ambayo Kanisa la Armenia linaadhimisha kuzaliwa mpaka leo. Nadharia ya jua haina jibu kwa hiyo 6 Januari. Hata hivyo siifungi kesi: kwa Warumi 25 Desemba ilikuwa ndiyo siku iliyohesabiwa kuwa fupi kuliko zote, na sioni namna Mkristo wa Roma angeweza kutoliona hilo.

Tena kabla ya hapo hakukuwa na makubaliano. Klementi wa Aleksandria, mwalimu Mkristo, karibu mwaka 200 huohuo, anataja waliosema 20 Mei na wengine waliosema Aprili. Na Wakopti wa Misri, wanaotumia bado miezi ya siku 30 na nyongeza mwishoni, safari hii ikiwa na mwaka mrefu, wanasherehekea tarehe 29 ya mwezi wao wa Kiahk: kwetu ni 7 Januari, na baada ya mwaka 2100 itakuwa 8 Januari.